Unataka kumuuliza mtu kuhusu ulemavu wake? Soma hii kwanza

Mtu akiona magongo tu stendi, swali la kwanza ni "pole dada, ulipata ajali?" Wala sio roho mbaya, huku kwetu kupeana pole ni kawaida na ukimpita mtu kimya utaonekana unaringa, shida ni kwamba huyo dada ameshaulizwa hivyohivyo na bodaboda, muuza vocha na mama wa chapati kabla hata hajafika kazini. Mimi natembelea magongo tangu mdogo kwahiyo haya maswali nimeyakinai.

Anza na salamu jamani. Shikamoo kama ni mkubwa kwako, mambo kama ni rika lako. Kuna watu wanaruka salamu wanaenda moja kwa moja kwenye mguu, utadhani mguu ndo umesimama pale peke yake.

Alafu kabla hujauliza, jiulize wewe: nikishajibiwa nafanya nini na hilo jibu? Konda akiniambia "dada, magongo nikushikie au unapanda nayo?" hilo nalo ni swali kuhusu ulemavu na nalipenda kabisa, maana nikimjibu kuna kitu anafanya. Sasa abiria wa siti ya nyuma anauliza kwa sauti "hivi ni mguu wote au ni kuanzia hapa kwenye goti?" na kidole anaonyesha, gari zima linageuka, yeye anashuka zake Mtoni mimi nabaki na macho ya watu mpaka Kariakoo. Amepata nini? Hamna.

Kwahiyo kwa mtu usiyemjua uliza cha sasa hivi. "Nikusaidieje?", "Tupite ngazi au kuna njia nyingine?" Kwa asiyeona jitambulishe kwanza, muulize kama anataka kuvuka, akikubali mpe mkono wako aushike yeye, usimvute fimbo. Kiziwi akiwa na ndugu yake usimuulize ndugu "huyu alizaliwa hivi?", mwangalie mwenyewe, andika kwenye simu umuonyeshe kama anasoma.

Ya kuacha kabisa: chooni unafanyaje, hivi umeolewa kweli, watoto wako wamezaliwa wazima, umeshaombewa? Hilo la mwisho huwa linakuja na namba ya simu ya mchungaji au ya babu wa miti shamba, na ukikataa unaambiwa huna imani.

Na kama unaona hii ni kudeka tu, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Tanzania tuliuridhia 2009, ibara ya 22 inalinda faragha, mambo ya afya ya mtu mwenye ulemavu ni siri yake sawa na ya mtu mwingine yeyote. Wewe hamna anayekusimamisha barabarani akuulize presha yako.

Kwa watu wenye ualbino ongeza umakini mara mbili. Unaishi wapi, unakaa na nani, kesho unapita njia gani, kwako ni stori za kupoteza muda kwenye basi, ila kwa mtu wa Kanda ya Ziwa aliyekulia kwenye habari za mauaji ya watu wenye ualbino, hayo ni maswali ya kutisha, na mwaka 2024 tu huko Kagera mtoto mdogo kabisa aliuawa. Asipokujibu usinune.

Watoto waacheni. Mtoto akiuliza "anti mbona una fimbo mbili?" namjibu zinanisaidia kutembea, anaridhika anaendelea na ubuyu wake. Kinachoumiza ni mama anayemfinya na kumwambia "nyamaza, usimwangalie", hapo ndo anamfundisha kuniogopa.

Mkizoeana ni kitu kingine. Mmekaa ofisi moja, mmechangiana harusi, stori itakuja yenyewe au uliza mkiwa wawili, sio mbele ya watu, na mpe pa kutokea: "kama hutaki kusema sawa tu." Akiamua kusimulia sikiliza, usianze na "hata binamu yangu..."

Na ukisharopoka, sema "samahani, hayo hayanihusu" alafu ongelea foleni. Ukianza kujieleza hukumaanisha vibaya, eti una rafiki mlemavu na unawapenda sana, naishia mimi kukubembeleza wewe na kituo changu kimeshapita.