Chaja usiiweke buti

Ukitoka Dar na laptopu, iwe kwa basi la stendi ya Magufuli au kwa treni ya SGR ya Dodoma, vifaa vya kazi visichanganywe na nguo. Chaja, pawabenki na hedifoni vikae kwenye kimfuko kimoja unachopakata mwenyewe. Begi likishaingia buti, hulioni tena mpaka mwisho wa safari. Kwa ndege ndiyo kabisa: pawabenki hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini, na kwa kawaida isizidi Wh 100 (kipimo cha umeme inaohifadhi), yaani kama mAh 27,000 hivi kwenye maandishi ya pawabenki. Ongeza ekstensheni fupi. Gesti nyingi chumba kina soketi moja, tena nyuma ya kitanda! Mafaili yapakue ukiwa bado nyumbani, njiani mtandao hukatika. Laini ya pili nayo ibebe.