Kutaniana kisiasa mtandaoni bila mtu kumaindi: kwa watu wa mrengo wa kushoto na watani wao

Ana kwa ana, mtu akikuita "kibaraka wa mabepari" huku anacheka, uso wake unamaliza kazi yote. Kwenye skrini hubaki maneno matupu, na msomaji huyatia sauti ya hali aliyonayo saa ile. Kama ametoka kugombezwa na bosi, atakusikia kwa sauti ya bosi. Mwaka 2005 Nathan Poe aliandika jambo ambalo sasa linaitwa kanuni ya Poe: bila alama ya wazi kwamba unatania, huwezi kuigiza msimamo mkali hata asitokee mtu wa kudhani unamaanisha. Yeye alikuwa akizungumzia mjadala wa uumbaji na mageuko ya viumbe, lakini mrengo wa kushoto unaguswa zaidi, kwa sababu msamiati wake wa kila siku tayari una mapinduzi, mapambano na adui wa tabaka. Mzaha na tamko vinavaa nguo moja. Kazi yako ni kumsaidia msomaji avitofautishe kabla hajakasirika.

Mjue unayemtania

Jina "kushoto" lilizaliwa Ufaransa mwaka 1789. Katika Bunge la Taifa, waliotaka mfalme apewe kura ya turufu walikaa kulia kwa mwenyekiti wa kikao, na waliopinga wakakaa kushoto. Leo chini ya jina hilo wamo watu wasiokubaliana hata kidogo. Mwanademokrasia ya kijamii anataka soko libaki, ila kodi na huduma za umma zipunguze pengo. Mjamaa anataka viwanda na ardhi viwe mali ya pamoja. Mkomunisti analenga jamii isiyo na matabaka kabisa, na mwanarkisti hataki dola yoyote juu yake, iwe ya mabepari au ya wafanyakazi.

Ukimrushia mwanademokrasia ya kijamii dongo la Stalin, dikteta wa Umoja wa Kisovieti, hatacheka, atakusahihisha. Mtu akishaanza kusahihisha, utani umekufa na mlichobaki nacho ni mdahalo ambao hakuna aliyeuomba. Kama hujui mwenzako yuko wapi, muulize kawaida tu: "Wewe ni wa kodi kubwa au wa kutaifisha?" Swali hilo lenyewe linachekesha kidogo, na jibu lake litakupa mtaji wa mwezi mzima.

Lugha kubwa juu ya jambo dogo

Hii ndiyo mbinu mama ya utani wote wa kushoto. Unachukua maneno mazito ya kisiasa unayaweka juu ya kitu kisicho na uzito. Mwenzako anauliza nani kachukua chaja yake. Unaandika:

"Chaja imetaifishwa kwa manufaa ya umma. Suala la fidia litajadiliwa kikaoni."

Angalia kinachofanya kazi hapo. Hakuna anayeweza kudhani ni tamko la kweli, kwa hiyo alama ya utani imo ndani ya sentensi na hata emoji haihitajiki. Sentensi ni mbili tu. Halafu mwenzako ameachiwa mlango wa kuingilia: anaweza kudai kura, akatangaza mgomo, akajiita mpinzani aliye uhamishoni. Utani usiompa mwenzako pa kujibia ni kijembe tu.

Kinyume chake ndipo wengi wanapoumia: lugha ndogo juu ya jambo kubwa. Njaa, kambi za kazi ngumu na watu waliopigwa risasi havigeuki kuwa vyepesi kwa sababu umeweka emoji ya kucheka mwishoni. Enzi za Stalin watu walifungwa kwa kusimulia vichekesho, chini ya kifungu cha 58 cha sheria ya jinai, kilichojumuisha uenezi dhidi ya dola. Mtu ambaye ukoo wake ulipitia hayo akisoma "komredi, utapelekwa Siberia", hasomi kichekesho.

Historia ya kushoto ina mambo mengi mepesi unayoweza kuyatumia kwa usalama, na mengi yanahusu kugombana wao kwa wao. Mwaka 1872, kwenye mkutano wa Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi mjini Hague, upande wa Karl Marx, mwananadharia wa ukomunisti, ulimfukuza Bakunin, mwanarkisti. Mwaka 1903 chama cha kijamaa cha Urusi kiligawanyika kati ya Wabolshevik na Wamenshevik, na moja ya hoja zilizowagawa ilikuwa maneno ya kifungu cha kwanza cha kanuni za chama, juu ya nani ahesabiwe mwanachama. Kwa hiyo kundi la watu wanne likishindwa kukubaliana saa ya kukutana, "Tumefika 1903, kila mtu achague upande" inatosha. Naye Engels, mwandishi mwenza wa Marx, alifanya kazi kwenye kampuni ya pamba ya familia yake huko Manchester, na fedha zake zikamsaidia Marx aendelee kuandika. Rafiki anayelipa kila mara ni Engels wenu. Mwambie hivyo, atafurahi, maana ndani ya utani mna shukrani.

Nani anabeba uzito wa kicheko

Mzaha wa kushoto una mwelekeo: unapanda kwenda kwa mwenye nguvu. Ukishuka kumwangukia mlalahoi, umegeuka kinyume cha siasa zenyewe, na watu wataliona hilo hata wakishindwa kulieleza. Tatizo ni kwamba nguvu haionekani vizuri mtandaoni. Utani wa "wenye nyumba wote ni wanyonyaji" unaelekezwa kwa mwenye majengo arobaini, lakini kwenye kundi yumo ambaye mama yake mjane anaishi kwa kodi ya chumba kimoja. Hakuna haja ya kuacha mzaha huo. Taja ukubwa wa shabaha: "mwenye majengo arobaini". Neno moja la kiasi linamtoa mama yule kwenye mstari wa moto.

Sasa tazama hili. Mtu anaandika: "Nimeachishwa kazi leo." Jibu baya, ambalo huandikwa kwa nia njema kabisa: "Karibu kwenye jeshi la akiba la wasio na kazi, komredi!" Dhana ni sahihi, Marx aliitumia kueleza wasio na kazi ambao uwepo wao huwasaidia mabepari kubana mishahara, lakini imemfikia mtu ambaye bado anahesabu siku zilizobaki kabla fedha hazijaisha. Anza na "Pole sana. Wamekupa barua? Notisi umelipwa?" Maswali hayo ndiyo siasa yenyewe, kwa sababu mfanyakazi asiyejua haki za kuachishwa kazi hudhulumiwa kimyakimya. Utani usubiri mpaka yeye mwenyewe auanzishe. Akiandika "basi sasa nina muda wa mapinduzi", mlango umefunguka.

Kiasi

Dongo moja kwa ujumbe mmoja, sentensi moja au mbili, kisha ngoja jibu. Ukituma matatu mfululizo kabla hajajibu, hata yakiwa mazuri, yanasomeka kama shambulio. Mzaha uliopita bila jibu mara mbili uache.

Faraghani mna historia yenu. Kundini wamo wasiojua kwamba nyinyi ni watani, na ujumbe unaweza kufowadiwa au kupigwa picha ya skrini ukafika mahali ambapo hakuna anayewajua. Kwa hiyo usianze kumtania mtu kundini kabla hamjataniana faraghani na yeye akakurudishia. Na vichekesho vya gilotini (mashine ya kukata vichwa), vya "mabepari ukutani" (yaani wapigwe risasi) na mfano wake visiwe na jina la mtu halisi. Mifumo inayochuja maudhui husoma maneno, haisikii kicheko, na polisi au mwajiri atakayeusoma baada ya miaka 3 hatakuwa na emoji ya kumwongoza.

Ukitaniwa wewe

Dongo la kawaida kuliko yote ni hili: "Mjamaa mwenye simu ya bei hiyo?" Wengi huandika aya nne za kujitetea, na aya nne ni ushahidi kwamba limeingia. Jibu fupi linatosha: "Simu wameunda wafanyakazi. Bepari kaunda bei." Limebeba hoja halisi, kwamba kukosoa mfumo hakuhitaji kwanza uishi nje yake, na bado linachekesha.

Ila chagua njia moja. Mzaha na hoja ndefu kwenye ujumbe mmoja hugombana: msomaji hajui ajibu upande upi, naye hujibu ule uliomuuma. Kuna dalili kwamba mwenzako ametoka kwenye utani: ujumbe wake umekuwa mrefu kuliko wako, emoji zimetoweka, ameanza kukuita kwa jina lako kamili badala ya la utani, au anauliza "kwa nini" mara ya pili. Hapo jibu kwa uzito ule ule. Mtu anayeuliza kwa dhati kwa nini uchumi wa mipango ulileta foleni za bidhaa anastahili jibu la dhati, hata kama aliingilia kwenye kichekesho. Ukimkwepa kwa mzaha mwingine, umemwambia kwamba siasa zako hazina jibu.

Likiharibika

"Nilikuwa natania tu" huongeza moto, kwa sababu humhamishia kosa aliyeumia: eti hajui utani. Omba radhi pale pale lilipotokea. Kosa la kundini haliombewi radhi faraghani peke yake. Taja ulichosema, taja kwa nini kimeumiza, usiongeze "lakini". Mfano: "Nilifanya mzaha juu ya wewe kukosa kazi wakati umetuambia leo hii. Ulikuwa mzaha mbaya. Samahani." Kisha nyamaza kwa siku hiyo. Kama ujumbe wenyewe unamtaja mtu au unamwaibisha, ufute kwa wote baada ya kuomba radhi. Ukiufuta kabla, waliouona watadhani unaficha. Na utani kati yenu aurudishe yeye, kwa wakati wake.