Kabla ya Kupanda Ndege: Familia ya Mmishenari Inayokwenda Kanisa Dogo la Baptisti Ujerumani

Kenya na Tanganyika zilianza kupokea wamishenari wa Southern Baptist kutoka Marekani mwaka 1956. Leo safari inaweza kuelekea upande wa pili, na Ujerumani ni nchi ambayo mtumishi wa Kiafrika anaweza kuitwa akalitumikie kanisa la mahali. Wabaptisti wapo huko tangu 1834, Johann Gerhard Oncken na wenzake sita walipobatizwa katika mto Elbe, Hamburg. Ni Oncken huyo aliyesema kila Mbaptisti ni mmishenari. Lakini kanisa dogo la huko linaweza kuwa na washirika arobaini, wengi wao wazee, bila karani wala dereva. Hakuna wa kukuzungushia makaratasi yako ofisi hadi ofisi. Yanayowezekana kukamilishwa nyumbani yakamilishwe nyumbani.

La kwanza, hata kabla ya viza: mwajiri ni nani? Kanisa la kule likikuajiri kwa mkataba wa kawaida, bima ya afya inafuata mkataba huo. Makato ya bima ya umma ni asilimia 14.6 ya mshahara, pamoja na nyongeza inayopangwa na kila mfuko, na mwajiri hulipa nusu. Mwenzi asiye na kipato na watoto huingia bila malipo ya ziada. Mshahara ukitoka Nairobi au Dar es Salaam, kwa kawaida njia hiyo haipo, na kila mmoja katika familia atahitaji bima binafsi inayokubalika kwa mkazi. Bima ya msafiri inafaa kwa kuingia nchini tu; ukienda kuomba kibali cha ukaazi haitoshi. Kanisa linalokutuma lipate bei halisi ya bima ya watu wote wa familia kabla halijapitisha bajeti, na bajeti yenyewe iandikwe kwa euro. Ahadi ya shilingi hupungua kila shilingi inaposhuka, na kodi ya nyumba ya kule haipungui pamoja nayo.

Lugha nayo haisubiri. Anayekwenda kwa kazi ya kidini hutakiwa kuonyesha Kijerumani cha ngazi ya A2, yaani mazungumzo mepesi ya kila siku, na mwenzi anayeambatana naye kwa kawaida A1, ngazi ya mwanzo kabisa. Goethe-Institut, kituo cha lugha na utamaduni wa Kijerumani, ipo Nairobi na Dar es Salaam. Anayeanza sifuri huku akiendelea na kazi asijipe chini ya miezi sita hadi tisa. Mama na baba wasome pamoja. Mmoja akibaki nyuma, yeye ndiye atakayefungiwa ndani ya nyumba mwaka mzima, na ndoa itaulipia upweke huo.

Vyeti vya kuzaliwa viwe vya serikali, na cheti cha ndoa kiwe kile cha serikali, si kile cha kanisa peke yake. Vipange mezani uvisome herufi kwa herufi. Pasipoti inasema John, cheti cha ndoa kinasema Yohana. Cheti cha mtoto kina majina mawili ya baba, pasipoti ya baba ina matatu. Kwetu hayo hupita. Kule kila tofauti huzaa barua, na kila barua hula wiki. Rekebisha mapema, kisha vyeti vitafsiriwe kwa Kijerumani na mtafsiri anayekubaliwa na ubalozi.

Ukishapata nyumba, una wiki mbili za kuandikisha makazi, ukiwa na barua ya mwenye nyumba. Katika uandikishaji utaulizwa dini, na hapa Mbaptisti anaweza kunaswa. Akiandika "evangelisch" peke yake, anaweza kuhesabiwa mshirika wa kanisa kubwa la Kiprotestanti, na mshahara wake utaanza kukatwa kodi ya kanisa: asilimia 9 ya kodi ya mapato, au 8 katika majimbo ya Bavaria na Baden-Württemberg. Makanisa ya Baptisti hayachukui kodi hiyo. Yanaishi kwa sadaka. Eleza kwamba wewe ni "evangelisch-freikirchlich", yaani wa kanisa huru, au acha pengo hilo wazi. Siku hiyo hiyo bandika jina la ukoo kwenye sanduku la barua mlangoni. Namba ya kodi, kadi ya bima na barua za ofisi ya wageni huja kwa posta, na jina lisipoonekana, tarishi hurudi nazo.

Nyumba hupangishwa tupu, mara nyingi bila jiko wala sinki. Mwenye nyumba anaruhusiwa kudai amana ya hadi miezi mitatu ya kodi bila gharama za joto na maji. Kodi ikiwa euro 900, tayari ni 2,700, na mwezi wa kwanza juu yake, kabla hujanunua godoro. Kila nyumba hulipa pia ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi, hata kama hamna televisheni.

Shule ni lazima. Kumfundishia mtoto nyumbani, jambo la kawaida kwa wamishenari wengi wa Kimarekani, Ujerumani ni marufuku. Tangu Machi 2020 mtoto haingii chekechea bila uthibitisho wa chanjo ya surua, dozi mbili kuanzia umri wa miaka miwili, na shuleni pia uthibitisho huo hudaiwa, kwa hiyo kadi ya kliniki isafiri kwenye mkoba wa mkononi. Kiswahili kiendelee mezani nyumbani kila siku. Kijerumani watoto watakipata shuleni.

Sasa kanisa lenyewe. Mkutano wa washirika ndio wenye neno la mwisho: bajeti, kupokea washirika, hata mchungaji mwenyewe hupigiwa kura. Mtumishi aliyezoea kutangaza uamuzi madhabahuni ataumia, na ataumiza. Omba katiba ya kanisa na mihtasari ya mikutano ya mwaka uliopita, utafute mtu wa kukutafsiria, uisome ungali nyumbani. Andikianeni pia nani anahubiri Jumapili ngapi kwa mwezi, siku ipi ni ya mapumziko, na kama mama ana kazi rasmi. Kama hana, isemwe wazi, maana kanisa dogo likikosa mwalimu wa watoto humtazama mke wa mchungaji, nalo halina nia mbaya. Anayehudumu na watoto atahitaji hati ya polisi ya tabia njema, hata akijitolea. Picha za watoto wa kanisa zisitumwe kwenye barua za maombi wala mitandaoni bila idhini ya wazazi. Kosa hili linavunja uaminifu haraka kuliko mahubiri mabaya yanavyoweza kuvunja.

Mahubiri yawe ya dakika 20 hadi 30, yameandikwa yote, na mkalimani ayapate siku tatu kabla. Ukitembelea washirika, piga simu kwanza. Hodi ya ghafla, hata ya upendo, huwatia watu wasiwasi.

Leseni ya udereva ya Tanzania au Kenya hutumika miezi sita tu, ikiwa na tafsiri. Baada ya hapo ni mtihani wa nadharia na wa barabarani. Nadharia unaweza kuifanya kwa Kiingereza.

Mizigoni, nyama, maziwa na samli haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya. Dagaa wakavu na samaki wanaruhusiwa, hadi kilo 20 kwa mtu. Makoti mazito yatafute mitumbani. Mengine yametoka huko huko. Panga kufika kati ya Mei na Julai: mwaka wa shule huanza Agosti au Septemba kulingana na jimbo, na familia itakuwa na miezi ya mwanga ya kujuana na kanisa kabla ya Desemba, ambapo jua la Hamburg huzama saa kumi jioni.