Kabla Simu Haijalia: Kwa Mzazi Anayepeleka Vifurushi kwa Kuitwa

Kazi ya kupeleka vifurushi kwa kuitwa yenyewe ni nyepesi. Unachukua mzigo, unafuata anwani, unasainiwa, unarudi. Uzito wake uko kwenye kutojua. Jumatatu hamna simu, Jumanne hamna, Jumatano saa 12 asubuhi inalia: mwenzako kaumwa, mizigo imerundikana, uje sasa hivi. Wenyewe tunajiita deiwaka, jina tuliloliazima kwa madereva na makonda wa daladala wanaowashikia wenzao gari kwa siku moja. Nilipokuwa sina mtoto udeiwaka ulinifaa, maana asiyeitwa analala. Nilipojifungua ndipo nikaona kuwa simu ile ile inaweza kukukuta mtoto yuko titini, kwenye friji hamna hata tone la maziwa, mama mkwe kaenda Muheza msibani, na wewe umeshasema "sawa bosi, nakuja" kabla akili haijaamka.

Kwa hiyo yote ninayoyaandika hapa yanarudi kwenye jambo moja: jibu la simu liwe tayari kabla simu haijalia. Siku gani utakubali, siku gani utakataa, na ukikubali nani anamshika mtoto, hayo yaamue ukiwa umekaa, umeshiba, mtoto amelala.

Anza kwa kuijua siku ya kazi ilivyo kweli, usiende na ulivyoambiwa. Hapa Tanga barua za kawaida huishia kwenye sanduku la posta na mwenyewe huzifuata. Kinachopelekwa hadi mlangoni ni nyaraka za ofisi, hati, dawa, simu na nguo zilizoagizwa mtandaoni. Mingi ya mizigo hiyo huja na mabasi ya Dar es Salaam, na stendi iko Kange, mbali na mjini. Basi likikwama Chalinze au Segera, nawe umekwama pamoja nalo, ila wewe uko Kange kwenye benchi na matiti yanajaa. Ukifika mtaani nako kuna yake. Ngamiani ni raha kwa sababu barabara zake zina namba, ukiambiwa Barabara ya 12 unahesabu tu. Pongwe na Mwahako ni habari nyingine. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 nyumba nyingi zina namba na mitaa ina vibao, lakini bado utakutana na mteja wa "ukifika kwenye mwembe nipigie", ukifika kwenye mwembe simu yake imezimwa. Mimi nikiambiwa kazi ya masaa manne, mlezi namwambia saba. Hajawahi kulalamika kuwa nimewahi.

Mlezi ndiye kazi yenyewe. Watu huandaa nepi, mabeseni na nguo za mtoto, wakifika kwa mlezi wanasema "mama yupo". Mama yupo, lakini mama ana vikoba Jumanne, ana shughuli za harusi, ana magoti yanayouma masika yakianza. Weka watu watatu, na kila mmoja umuulize mapema, kwa heshima yake na kwa uso wake. Nilimwendea mama mkwe jioni, nikamwamkia, nikamwambia, "Mama, nikiitwa kazini Jumatatu, Jumatano au Alhamisi, naomba nikuletee mtoto. Siku nyingine sitakusumbua." Akanijibu, "Mwanangu, siku hizo nipo, lakini saa 12 asubuhi usinigongee dirisha, nipigie kwanza." Tukaelewana. Wa pili ni wifi yangu, anayeshinda nyumbani mwisho wa wiki. Wa tatu ni jirani, na huyu ni wa dharura, maana ana wajukuu wake wawili wa kuwaangalia.

Na huyo wa dharura ndiye aliyenifundisha kwamba kupata mtu wa kumshika mtoto hakutoshi. Mwanangu alikuwa na miezi mitatu. Simu ikalia, wawili wa kwanza hawapo, nikamkimbilia jirani. Nikamwachia chupa ya maziwa niliyokamua usiku na kanga mbili, nikaondoka mbio. Basi likachelewa. Nikarudi magharibi imeshaingia. Mtoto nikamkuta ametulia kabisa, na jirani ananieleza kwa furaha kwamba maziwa yalikwisha mapema, basi akampa maji ya sukari na uji mwepesi, "na amekula vizuri mno!" Ningesema nini? Amenilelea mwanangu kutwa nzima bila malipo, na hivyo ndivyo yeye alivyolea wanawe sita. Tulikesha siku mbili na tumbo la mtoto. Kosa lilikuwa langu: sikumwambia kwamba mpaka miezi sita mtoto ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana, na sikuacha maziwa ya kutosha. Siku hizi mlezi namwonyesha kwa vitendo, siku ambayo hakuna haraka: kikombe ni hiki, maziwa ni haya, akilia baada ya kushiba mbebe kwa mbeleko utembee naye uani. Naandika na namba tatu kwenye karatasi, ya kwangu, ya baba mtoto na ya dada yangu, naibandika nyuma ya mlango. Ukimwambia mtu mzima kwamba "nesi amesema" utasikilizwa zaidi kuliko ukisema "mimi nataka", na si uongo, maana nesi kasema kweli.

Maziwa yanataka maandalizi ya wiki mbili kabla ya siku ya kwanza ya kurudi. Siku za mwanzo utakamua kijiko kimoja ukate tamaa. Usikate, mwili unajifunza. Kamua asubuhi mapema baada ya mtoto kunyonya, mikono imenawa kwa sabuni, kwenye chombo chenye mfuniko kilichochemshwa. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa mpaka masaa manne nje ya friji kama joto halizidi nyuzi 25. Sasa niambie ni siku gani ya kaskazi hapa kwetu, Januari au Februari, mchana joto liko chini ya 25. Usiyahesabie masaa hayo. Yaende kwenye friji moja kwa moja, ndani kabisa na siyo mlangoni, hapo yatakaa mpaka siku nne. Kama huna friji, zungumza na mwenye duka la soda, au weka barafu kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana uweke kikopo humo. Andika siku juu ya chombo. Ya kupasha yawekwe kwenye bakuli la maji ya moto, yasiwekwe jikoni, na yaliyobaki kikombeni baada ya mtoto kunywa yamwagwe yakipita masaa mawili. Mwanamke ameyakamua kwa jasho na unamwambia ayamwage, najua, inauma. Kuhusu kikombe: kikombe kidogo cha wazi ni rahisi kuosha kuliko chupa ya chuchu, na mtoto wa wiki chache anaweza kukinywea. Mlezi amkalishe wima na kikombe kiguse mdomo wa chini tu, mtoto arambe mwenyewe. Asimmiminie.

Na wewe ukiwa barabarani matiti hayajui kwamba uko kazini. Masaa matatu, manne, yanakuwa mawe. Tafuta mapema sehemu mbili za kukamulia katika njia zako. Mimi nina saluni ya rafiki Ngamiani, nyuma ya pazia, na chumba cha stoo kwenye duka la dawa Chumbageni. Choo cha stendi usikitegemee. Ukiacha yajae siku hadi siku titi litavimba, litakuwa jekundu, utapata homa na baridi; hapo nenda kituo cha afya, usingoje lipoe lenyewe.

Mwili nao una kalenda yake. Wazee wa pwani walituwekea arobaini: unakandwa maji ya moto, unafungwa tumbo, unapewa uji wa pilipili manga, hutoki. Sheria ya kazi nayo inasema mama asirudi kazini ndani ya wiki sita tangu kujifungua, isipokuwa daktari aruhusu. Siku 40 na siku 42, angalia zilivyokaribiana. Mimi nilizitumia zote mbili kama ngao, kwa bosi nikitaja sheria, kwa mashemeji waliosema "mbona umeshanyanyuka" nikitaja arobaini. Tanga ni mji wa baiskeli, na wengi wetu tunapelekea mizigo kwa baiskeli, lakini usipande mpaka nesi wa kliniki akuone wiki ya sita. Aliyezaa kwa kisu aulize pia kuhusu kubeba maboksi. Mtoto wake mwenyewe ni mzigo wa kutosha kwa muda huo.

Nimetaja sheria, basi tuimalize. Utaambiwa kwamba kwa kuwa unaitwa tu, wewe si mfanyakazi na huna haki yoyote. Usiitikie haraka. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamhesabu mtu kuwa mfanyakazi, mpaka mwajiri athibitishe vinginevyo, ikiwa ipo hata moja kati ya dalili kadhaa, na moja ya dalili hizo ni kumfanyia kazi mtu huyo wastani wa masaa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Masaa 45 kwa mwezi ni siku sita tu za kutwa nzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya 2004, inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Inataka uwe umetumikia miezi sita, lakini imemkumbuka na deiwaka: ukiitwa zaidi ya mara moja katika mwaka na mwajiri yule yule, na jumla ya muda wako ikapita miezi sita katika mwaka huo, unahesabiwa. Taarifa umpe mwajiri miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Ukirudi kazini unanyonyesha, unayo haki ya mpaka masaa mawili kwa siku ya kumnyonyesha mtoto ndani ya muda wa kazi. Baba mtoto naye ana likizo ya siku zisizopungua tatu ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe, asikuambie hajui.

Haki hizi zote zinasimama juu ya ushahidi, na deiwaka hana karatasi. Kwa hiyo nunua daftari la shule. Kila unapoitwa andika tarehe, saa uliyopigiwa, saa uliyoanza, saa uliyomaliza, ulicholipwa. Ujumbe wa kuitwa usiufute, na ujumbe wa malipo ya simu usiufute. Ukiachishwa kwa sababu ya mimba au uzazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inataka ufike ndani ya siku 30, na siku 30 za mwenye kichanga hupita kama tatu.

Daftari hilo hilo litakusaidia kwenye hesabu, na hapa utashangaa. Chukua malipo ya siku, toa nauli ya kumpeleka mtoto kwa bibi na kurudi, toa bodaboda ya Kange, vocha ya kuwapigia wateja, chakula cha mchana na kitu kidogo cha mlezi. Ziko siku nimebaki na pesa ya mkate. Baada ya mwezi mmoja wa kuandika nilijiwekea mpaka wangu: mzigo wa kifurushi kimoja au viwili vya Pongwe sichukui, labda uungane na wa mjini. Bosi alinuna wiki moja. Akazoea.

Tarehe za kliniki mpe bosi mapema zote kwa pamoja: wiki ya 6, ya 10 na ya 14 tangu mtoto azaliwe, kisha akitimiza miezi 9. Na siku inayofuata chanjo iongeze mwenyewe, kwa kuwa mtoto aliyechomwa sindano mara nyingi hulala na homa na atamtaka mama tu. Simu ikilia siku hiyo jibu liwe fupi: "Shikamoo bosi. Leo sitaweza, mtoto kachanjwa jana. Kesho nipo." Usieleze zaidi. Ukieleza sana unafungua mjadala, na mjadala wa saa 12 asubuhi mzazi hashindi.

Mkoba ukae mlangoni tangu jioni: maji lita moja na nusu, maana anayenyonyesha ana kiu isiyoisha, kitambaa safi kilichokunjwa cha kuweka ndani ya sidiria na kingine cha akiba, blauzi ya kubadili, chombo cha kukamulia, nailoni ya kufunika vifurushi wakati wa masika. Hijabu pana au kanga itakusitiri kuliko koti lolote.

Mwisho, wiki moja kabla ya kurudi, fanya siku ya majaribio bila bosi kujua. Mimi nilijipigia simu ya uongo saa 12 asubuhi. Nikanyonyesha, nikampigia mama mkwe, nikampeleka mtoto, nikaondoka na mkoba wangu kama nakwenda kazini. Nilitembea mpaka Raskazone, nikakaa chini ya mti nikiangalia bahari, nikalia kidogo, nikakamua maziwa nikiwa nimejifunika kanga. Nilikuwa nimepanga masaa manne. Masaa mawili na nusu yalipotimia nikashindwa, nikapanda bajaji. Nilimkuta mtoto amelala chali na mama mkwe anachambua mchele. Akaninyooshea kidole mdomoni ninyamaze, akaninong'oneza, "Umerudi kufanya nini? Ndiyo kwanza nimemlaza."