Jinsi ya kupunguza matumizi ya chakula kwa wiki, kwa sisi wa Tanga mjini

Nyumba nyingi hapa Tanga pesa haziishii sokoni. Zinaishia dukani mtaani, robo kwa robo: sukari robo asubuhi, mafuta ya kupima mchana, nyanya tatu za gengeni magharibi. Ninapikia watu sita hapa Ngamiani, na huu ndio utaratibu ninaoufuata. Unaweza kuuanza wiki hii hii, bila friji na bila mshahara mkubwa.

Hatua ya 1: Jua pesa inavujia wapi

Chukua daftari, uandike kila kinachonunuliwa kwa wiki nzima, hata kiberiti, hata cha jero alichotumwa mtoto. Wiki hiyo usibadilishe kitu. Ikiisha, geuza kila bei iwe ya kilo au ya lita. Tuseme robo ya sukari unauziwa 900 na kilo nzima ni 3,000. Robo nne ni 3,600, kwa hiyo kila kilo umeongeza 600 bure. Fanya hivyo hivyo kwa mafuta, mchele, unga, maharage na sabuni. Vitu viwili vitatu vitajitokeza vyenyewe, anza na hivyo.

Simlaumu mwenye duka. Anafunga vipakiti, anakopesha, anafungua mpaka usiku, na kazi hiyo ina gharama yake. Ila gharama hiyo si lazima uilipe kila siku.

Hatua ya 2: Panga kitoweo kwanza, ukiutazama mwezi

Kitoweo ndicho kinachokula pesa, na kwetu kitoweo ni bahari. Wavuvi wa dagaa na vibua huvua usiku kwa taa. Usiku wa giza taa inawavuta samaki juu, wanapatikana kwa wingi na bei inashuka. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, samaki wanatawanyika, vyombo vingi vinapumzika, na wachache wanaoletwa pwani wanakuwa ghali. Kwa hiyo fungua kalenda ya mwezi mwandamo. Siku za mwanzo na za mwisho wa mwezi, kula samaki. Kuanzia kama tarehe 11 mpaka 18, panga mbaazi za nazi, kunde, maharage ya Lushoto, kisamvu, au ng'onda (samaki wakavu) uliowanunua wakati wa neema. Kusi nalo likivuma sana, vyombo vidogo haviendi mbali, fanya vivyo hivyo.

Siku ya samaki, nenda soko la samaki la Deep Sea mapema, wakati vyombo vinapotia nanga. Usiende peke yako. Mnadani ndoo nzima ya vibua inakuwa na bei nzuri kuliko fungu fungu, lakini ndoo nzima ni nyingi kwa nyumba moja. Jikusanyeni watu watatu au wanne wa mtaa mmoja, mmoja ataje bei kwa niaba ya wote, mgawane pale pale. Hapo kuna faida kuliko hatua nyingine zote.

Mtazame samaki vizuri. Macho yawe maangavu, yaliyotokeza nje. Fungua shavu, ndani kuwe kwekundu. Bonyeza tumbo, kidole kisiache shimo. Vibua na jodari waliokaa juani usiwachukue hata ukipunguziwa nusu: wakishaharibika wanatengeneza sumu isiyotoka kwa moto, utakaanga mpaka wakauke na bado watawasha watu mwili na kuwapasua vichwa. Ukifika nyumbani usiketi kwanza. Para, toa matumbo, osha, wa leo wapike, wa kesho watie chumvi na ndimu uwakaange wakauke vizuri, na kesho uwapashe tena kabla ya kula. Wanaobaki tia chumvi nyingi uwaanike.

Hatua ya 3: Nenda sokoni mara moja, na ujue kipimo

Mgandini au Ngamiani, chagua soko moja ulizoee. Muuzaji akishakufahamu, nyongeza inakuja yenyewe, na atakwambia ukweli.

"Shikamoo mama. Leo usichukue hizi, zimenyeshewa. Gari la Lushoto linaingia kesho."

Mtu anayekwambia hivyo usimkimbie kwa sababu ya shilingi mia.

Kipimo ndicho cha kuwa macho nacho. Kopo la huyu si sawa na kopo la yule. Lingine limebonyezwa chini, lingine linajazwa kichungu, lingine linakatwa kwa mkono. Nunua kopo moja la maharage, kisha lipitishe kwenye mzani wa duka la jirani. Andika daftarini limetoa gramu ngapi. Ukishajua, hutashawishika na bei ya kopo, utauliza bei ya kilo moyoni mwako.

Nyanya changanya: zilizoiva za siku mbili, na zenye kijani za mwisho wa wiki. Zitandaze, usizirundike. Wakati wa masika zinapanda sana. Zikishuka, nunua nyingi, chemsha, ponda, zikaange na mafuta mpaka maji yakauke, uweke kwenye chupa safi kwa siku chache. Kabichi, karoti na viazi mviringo vinakaa wiki bila shida. Mchicha na matembele havikai, hivyo vya gengeni ni sawa, tena jioni fungu linaongezwa kwa sababu mwenye genge hataki kulala nazo.

Matunda ni ya msimu tu. Machungwa ya Muheza yakijaa mjini, hakuna sababu ya kununua juisi ya dukani.

Hatua ya 4: Nazi

Usinunue moja moja. Nunua za wiki kwa pamoja, ambazo hazijavunjwa, na ukipata zenye makumbi ni bora zaidi, zinakaa muda mrefu. Tikisa usikie maji. Isiyo na sauti iache, na yenye macho yaliyolowa pia iache. Ukikuna, kamua tui zito uliweke pembeni, kisha ongeza maji ya vuguvugu ukamue tena. Tui jepesi ndilo la kuchemshia, zito linaingia mwisho. Kwa namna hiyo nazi moja inatosha chungu ambacho wengine wanakitilia mbili.

Hatua ya 5: Unga na maharage

Mahindi ya Handeni yakishavunwa bei inalegea. Changeni gunia, mgawane kwa mzani, kila mtu asage ya kwake. Saga dona: ukikoboa, sehemu ya mahindi uliyoyalipia inatoka kama pumba. Ila dona lina mafuta ya kiini na huwahi kuchacha, kwa hiyo saga la wiki moja au mbili tu, mengine yabaki punje kwenye mfuko usiopitisha hewa, dumuzi asiingie.

Maharage loweka usiku, mwaga maji, chemsha ya siku mbili kwa mara moja. Utaona tofauti kwenye mkaa.

Hatua ya 6: Kama pesa yako ni ya kila siku

Mwendesha bodaboda, mama lishe, kibarua wa bandarini, huyu hana pesa ya wiki mkononi, na mwongozo mwingi unamsahau. Usijaribu kununua vyote kwa mkupuo. Chukua kitu kimoja kilichotokeza daftarini, tuseme sukari. Kila siku weka pembeni 500 mpaka itimie kilo. Ukishanunua kilo, hiyo robo uliyokuwa ukinunua haipo tena, pesa yake iendelee kuingia kwenye kopo lile lile: sasa inakusanya lita ya mafuta. Mafuta yakishaingia, fuata mchele. Usirudi nyuma kwenye robo kwa kitu ulichokwisha kukivusha, hata wiki ikiwa ngumu. Afadhali chai iwe na sukari kidogo siku mbili.