Kupima umbo la jahazi kwa skana ya leza, maji yakishakupwa

Mafundi wa Matondoni, Lamu, hujenga jahazi bila mchoro. Umbo limo machoni na mikononi mwao. Chombo kikuukuu kikivunjwa kabla ya kupimwa, umbo lake limepotea. Ndiyo maana kazi hii naifanya kwa bidii. Hivi ndivyo ninavyopima chombo cha mita 15 hivi kilichokalishwa mchangani.

Hatua ya 1. Ngoja bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Maji mafu hayakaushi mpaka mkukuni, ule mti mkuu wa chini ya chombo. Egemeza chombo kwa magogo pande zote mbili, kisha acha jua likaushe mbao. Ubao uliolowa, au wenye deheni mbichi (mafuta ya kupaka chombo), hung'aa. Mwale wa leza huupiga ukaenda kwingine, nawe unapata matundu kwenye data.

Hatua ya 2. Weka shabaha, yaani alama ambazo skana huzitambua ili vipimo viunganishwe. Hapa usiharakishe. Watu wengi huweka matufe meupe chini tu, lakini mchanga hudidimia na chombo hulala kidogo kidogo bila wewe kuona. Safari moja niliunganisha vipimo nikakuta mkuku umetokea mara mbili, sentimita 2 mbali. Kazi yote ya siku ile ikaharibika. Tangu hapo nabandika shabaha za karatasi sita au zaidi ubavuni, juu na chini, omo (mbele) hadi tezi (nyuma), na matufe naweka kwenye mwamba au ukuta. Makundi hayo mawili yakitofautiana, chombo kimesogea.

Hatua ya 3. Piga vituo (mahali pa kusimamisha skana) nane hadi kumi kuzunguka chombo, mita 5 hadi 8 kutoka ubavuni, na kimoja au viwili ndani, mataruma (mbavu za chombo) yaonekane. Kila kituo kione shabaha tatu au zaidi ambazo jirani yake pia anaziona. Anza na sehemu za chini, maji yasije yakakuwahi.

Hatua ya 4. Kabla ya kufungasha, pima kwa futi kamba umbali kati ya shabaha mbili, uandike.

Hatua ya 5. Unganisha vituo kwenye kompyuta. Shabaha za ubavuni zikipishana zaidi ya milimita 5, tafuta kituo chenye kosa. Usiridhike na wastani. Linganisha na kipimo cha kamba. Halafu kata wingu la nukta (nukta zote zilizopimwa na skana) kila sentimita 50 kutoka omo hadi tezi, chapisha mikato hiyo kwenye karatasi kubwa, umpelekee fundi aliyekijenga. Mwulize kila taruma lilipindwa vipi, na majibu yake yaandike pembeni ya mkato.