Namna ya Kuzipitia Albamu za Juno Reactor

Juno Reactor ni kikundi cha Uingereza kilichoanzishwa na Ben Watkins mwaka 1990, na tangu hapo wanamuziki wengi wameingia na kutoka huku yeye akibaki kuwa mhimili wake. Muziki wake huhesabiwa katika fungu la transi ya saikedelia iliyochanganyika na tekno, yaani muziki wa dansi wa kielektroniki wenye mdundo unaojirudia, lakini rekodi zake hazifanani hata kidogo, kiasi kwamba anayeanza na albamu yoyote iliyomfikia anaweza kuiacha mapema na kukosa ile ambayo ingemvutia zaidi. Kwa hiyo ninapendekeza mpangilio ambao haufuati miaka, kwa kuwa naamini kuwa msikilizaji aliyelelewa karibu na ngoma ana njia yake ya kuuingia muziki huu.

Kwanza andaa vyombo vya kusikilizia. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti za chini kabisa, na katika muziki huu besi na mdundo mkuu hubeba karibu nusu ya maana, hivyo tumia hedifoni au spika zenye besi ya kutosha. Katika mipangilio ya programu yako ya muziki, zima uchezaji wa kuchanganya nyimbo, kisha zima pia ule mpangilio unaofifisha mwisho wa wimbo mmoja ndani ya mwanzo wa mwingine, kwa sababu albamu hizi zimepangwa kwa makini na wimbo mmoja huandaa unaofuata. Ukipakua kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, saa moja ya muziki hula takribani megabaiti 144, na kwa maoni yangu bando hilo halipotei bure.

Anza na Bible of Dreams ya mwaka 1997. Hapo ndipo Watkins alipowaingiza Amampondo, kundi la ngoma lililoanzishwa Langa, mjini Cape Town, mwaka 1979, na miongoni mwa waliopiga alikuwamo Mabi Thobejane, ambaye aliendelea kushirikiana na kikundi kwa miaka mingi baadaye. Chagua wimbo uitwao Conga Fury na uusikilize mara tatu, kila mara kwa kazi tofauti.

Mara ya kwanza fuata mdundo mkuu peke yake, ule wa chini unaorudi kwa vipimo vilivyo sawa. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne ili upate kasi yake kwa dakika. Nyimbo za transi ya namna hii kwa kawaida huwa kati ya mapigo 135 na 150. Mara ya pili uache mdundo huo uende zake, usikilize ngoma za mkono na sauti za waimbaji, na utaona kwamba mashine haibadiliki ilhali mikono ya watu hutangulia kidogo, huchelewa kidogo na kujibizana. Mvutano huo ndio roho ya albamu nzima, na ndiyo sababu nimeitanguliza. Mara ya tatu hesabu mafungu ya mapigo 32, yaani takribani sekunde 14 kwa kasi ya mapigo 140, na uangalie kinachoingia au kutoka kila fungu linapoisha, kwa kuwa muziki wa transi hujengwa kwa tabaka zinazoongezwa na kupunguzwa kwa hesabu za namna hiyo. Sikio likishazoea hesabu hii, wimbo wa dakika saba au nane hauonekani tena kuwa mrefu.

Ukishaielewa hiyo, rudi nyuma hadi Beyond the Infinite ya 1995, kisha Transmissions ya 1993. Hizi ni za mashine zaidi, na ni rahisi kuzipenda baada ya kujua mahali zilipokuwa zikielekea. Luciana ya 1994 usiichanganye nazo: ni wimbo mmoja tu wa zaidi ya saa moja, uliotulia na usio wa kuchezea dansi, na unahitaji usiku usio na shughuli.

Baada ya hapo songa mbele. Shango ya mwaka 2000 hufunguliwa na Pistolero, ambamo gitaa la Steve Stevens linachukua nafasi ambayo katika nyimbo za awali ingejazwa na sinthesaiza, yaani kinanda cha kielektroniki. Labyrinth ya 2004 ina nyimbo zinazotokana na kazi ambayo Watkins aliifanya pamoja na mtunzi Don Davis kwa ajili ya filamu za The Matrix zilizotoka mwaka 2003, na hasa Navras, ambamo kwaya huimba maneno ya Kisanskriti kutoka Upanishadi, maandiko ya kale ya Kihindu, juu ya midundo ya tekno. Wengi huanzia hapa kwa sababu ya filamu, lakini nawasihi wasubiri, maana ukubwa wa okestra huweza kuyaziba masikio yasisikie kazi ya ngoma iliyo chini yake.

Gods & Monsters ya 2008, The Golden Sun of the Great East ya 2013 na The Mutant Theatre ya 2018 zisikilizwe mwishoni, kwa utaratibu wowote upendao.

Unapokusanya rekodi hizi, tazama urefu wa kila wimbo kabla ya kununua. Toleo la wimbo wa Mona Lisa Overdrive lililomo katika albamu ya muziki wa filamu ya The Matrix Reloaded huzidi dakika 10, ilhali lile la Labyrinth ni fupi zaidi. Odyssey 1992–2002 ni mkusanyiko wa nyimbo zilizokwisha kutoka, na Inside the Reactor ya 2011 ina nyimbo za zamani zilizotengenezwa upya, hivyo usiinunue ukidhani ni kazi mpya, bali iweke kando hadi uzifahamu nyimbo za asili vya kutosha kuweza kusikia kilichobadilishwa.